Kupima usingizi wa mchana kwa mtu ambaye pumzi humkatika usiku

Kila anapokuja muuguzi au tabibu mgeni katika kazi hii, maswali ni yale yale: nitumie fomu ipi, nihesabu vipi, alama 9 ni nyingi au ni chache, na kwa nini mgonjwa huyu ambaye pumzi humkatika mara 50 kwa saa anasema hasinzii kabisa? Nimekuandikia wewe unayeanza, uliye kwenye kituo kisicho na maabara ya usingizi, na ambaye huenda una karatasi, saa ya ukutani na simu ya mkononi tu. Mgonjwa na mwenzi wake wanaweza kuusoma mwongozo huu pia, maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani kwao.

Shika jambo moja tangu mwanzo, kwani ndilo linalowapotosha wengi: ukali wa apnea ya usingizi, yaani huko kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala, na wingi wa usingizi wa mchana ni vitu viwili, na kila kimoja kina kipimo chake. Terry Young na wenzake walipowapima watu wa umri wa miaka 30 hadi 60 huko Wisconsin, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1993, waliona kwamba asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake walikuwa na pumzi iliyokatika au kupungua mara 5 au zaidi kwa kila saa ya usingizi. Waliokuwa na hali hiyo pamoja na usingizi wa mchana walikuwa asilimia 4 ya wanaume na asilimia 2 ya wanawake. Kwa hiyo ripoti ya usiku haiwezi kukuambia mchana wa mgonjwa ukoje. Itakubidi uupime wenyewe.

Mahitaji kabla ya kuanza

Andaa fomu ya Epworth kwa Kiswahili (maswali manane kuhusu kusinzia, yameelezwa Hatua ya 4), fomu ya pili tupu kwa ajili ya mwenzi au ndugu anayeishi na mgonjwa, shajara ya usingizi ya wiki mbili (daftari la kawaida lililopigwa mistari linatosha), kalamu, na chumba kisicho na kelele. Mwambie mgonjwa aje na dawa zake zote ndani ya mfuko, zikiwemo zile alizonunua dukani bila cheti. Kama utapima wepesi wa kuitikia, tenga simu moja ambayo itatumika kwa kazi hiyo kila mara. Mwisho, tenga muda. Ziara ya kwanza ikifanywa vizuri huchukua karibu saa nzima, na ukiifanya kwa haraka utapata namba zisizo na maana.

Hatua ya 1: Uliza kwanza kuhusu usalama

Kabla ya fomu yoyote, uliza kuhusu barabara na kazi. Usianze na neno ajali, kwa sababu watu hulikwepa. Uliza hivi: "Katika miezi mitatu iliyopita, umewahi kushtuka ukakuta gari au pikipiki imetoka kwenye njia yake? Umewahi kufika mahali usikumbuke vizuri kipande cha safari?" Kisha uliza kuhusu mashine za kusaga, misumeno, ngazi, na moto wa kupikia.

Akijibu ndiyo, mweleze siku hiyo hiyo kwamba asiendeshe mpaka atibiwe na kupimwa tena, na umwandikie rufaa ya haraka. Usisubiri jumla ya alama. Najua kwamba kwa dereva wa lori au wa bodaboda maneno haya yanagusa chakula cha watoto, kwa hiyo yaseme ukiwa umeketi naye, na mpange pamoja jinsi ya kuharakisha matibabu.

Hatua ya 2: Tenganisha usingizi na uchovu

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika, na hapa ndipo nakuomba ukae kwa muda mrefu zaidi. Mgonjwa wa Kiswahili mara nyingi hasemi "nasinzia". Husema "nachoka sana", "mwili mzito", "sina nguvu", au "nimelegea". Maneno hayo yanaweza kumaanisha usingizi, na yanaweza kumaanisha upungufu wa damu, sonona, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kisukari kisichodhibitiwa, au kazi ngumu ya shambani. Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Ronald Chervin alionyesha mwaka 2000, akiwa Michigan, kwamba wagonjwa wa apnea hutaja uchovu na ukosefu wa nguvu kuliko wanavyotaja usingizi. Wanawake hasa huja wakilalamikia uchovu, kuumwa kichwa asubuhi na kukosa usingizi usiku, na wengi wao hurudishwa nyumbani bila kuulizwa swali moja kuhusu kukoroma.

Swali ninalolitegemea ni hili: "Ukikaa peke yako kwenye kiti kizuri, mahali patulivu, bila mtu wa kukusemesha, utalala, au utabaki macho ukiwa umechoka?" Aliyechoka tu hupumzika akabaki macho. Mwenye usingizi hulala, hata kama hakupanga.

Tumia pia neno "kupitiwa". Muulize mtu kama husinzia kazini, atakataa, kwa sababu kusinzia kazini kunasikika kama uvivu. Muulize kama huwa anapitiwa, atakubali na kukupa mifano mitatu. Lugha yenyewe imempa nafasi ya kusema kweli bila kujilaumu, kwa kuwa anayepitiwa hakutenda kosa, usingizi ndio uliompitia. Mgonjwa mmoja aliniambia kwa msisitizo kwamba hasinzii hata kidogo, kisha akaeleza bila wasiwasi jinsi anavyopitiwa kila Ijumaa wakati wa hotuba na kila jioni akiwa kwenye basi. Andika maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema.

Hatua ya 3: Mpe shajara ya wiki mbili

Kila asubuhi aandike saa aliyopanda kitandani, saa anayodhani alilala, mara alizoamka, saa aliyoamka kabisa, na usingizi wowote wa mchana pamoja na urefu wake. Aandike pia chai, kahawa, soda zenye kafeini, pombe, na miraa au mirungi, pamoja na saa alizotumia. Kama tayari analala na mashine ya hewa, ile iitwayo CPAP, aandike saa alizoivaa.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa usiku. Shajara ikionyesha kwamba analala saa 5, usiseme kuwa usingizi wake wa mchana unatokana na apnea mpaka umempa wiki mbili za kulala vya kutosha na kupima tena.

Angalizo: Usilinganishe kipimo cha mwezi wa Ramadhani na kipimo cha mwezi mwingine. Kwa anayefunga, usiku hukatwa na daku na usingizi husogea. Vivyo hivyo kwa mlinzi au muuguzi aliyebadilishiwa zamu wiki hiyo.

Hatua ya 4: Mpe fomu ya Epworth

Kipimo hiki kilitungwa na Murray Johns wa Melbourne, Australia, akakichapisha mwaka 1991, na jina lake linatokana na Hospitali ya Epworth alikokuwa akifanya kazi. Mgonjwa hupewa hali nane za kawaida na kila moja huipa namba: 0 kama hawezi kusinzia kamwe, 1 kama uwezekano ni mdogo, 2 kama ni wa wastani, 3 kama ni mkubwa. Hali hizo, kwa muhtasari, ni kukaa ukisoma, kutazama televisheni, kukaa tu mahali pa watu kama mkutanoni, kuwa abiria ndani ya gari kwa saa nzima bila kusimama, kujilaza alasiri unapopata nafasi, kukaa ukizungumza na mtu, kukaa kimya baada ya chakula cha mchana bila pombe, na kuwa ndani ya gari lililosimama kwa dakika chache kwenye foleni.

Mwache ajaze mwenyewe. Kama hasomi, msomee kila swali kwa maneno yale yale yaliyoandikwa, kwa sauti isiyoegemea upande wowote, na usimweleze jibu la kawaida ni lipi. Andika juu ya fomu kwamba umemsomea, kwa sababu mara ya pili utapaswa kufanya hivyo hivyo.

Mkumbushe mambo matatu. Anaulizwa maisha yake ya siku za karibuni kwa jumla, si jana wala leo. Anaulizwa kusinzia au kulala, si kuchoka. Na kama hali fulani haijamtokea karibuni, akadirie ingekuwaje kama ingemtokea.

Angalizo: Swali moja likiachwa wazi, jumla haihesabiki. Usijaze wewe kwa kukisia. Swali la kusoma humtatiza asiyesoma, na swali la televisheni humtatiza asiye nayo. Kwa matumizi ya kliniki unaweza kumwomba afikirie hali inayofanana, mathalani kukaa kimya akisikiliza redio, mradi uandike ulichobadilisha na ukirudie bila kukibadilisha tena. Kwa utafiti usibadilishe neno. Fomu hiyo ina haki miliki na mtafiti hutakiwa kuomba ruhusa.

Mwenzi wa mgonjwa ajaze ile fomu ya pili, akijibu kuhusu mgonjwa, peke yake, chumba kingine, bila kushauriana.

Hatua ya 5: Jumlisha na usome

Jumla huwa kati ya 0 na 24. Kuanzia 0 hadi 10 huhesabiwa kuwa kawaida, 11 na 12 ni usingizi uliozidi kidogo, 13 hadi 15 ni wa wastani, na 16 hadi 24 ni mkali.

Tuseme mgonjwa ameandika 2, 3, 2, 3, 3, 0, 2, 0. Jumla yake ni 15. Lakini usiishie kwenye jumla, isome fomu yenyewe. Kujilaza alasiri humlaza karibu kila mtu, kwa hiyo 3 kwenye swali hilo ina uzito mdogo. Kuzungumza na mtu na kusimama kwenye foleni ni hali ambazo karibu hakuna mtu husinzia ndani yake. Mgonjwa mwenye jumla ya 10 ambaye ndani yake kuna 2 kwenye mazungumzo na 2 kwenye foleni hunitia wasiwasi kuliko huyu mwenye 15, ingawa karatasi inasema yuko kwenye kiwango cha kawaida.

Hatua ya 6: Pima usingizi wa saa hii

Epworth haikuambii mtu yukoje sasa. Kwa hilo tumia kipimo cha Karolinska cha mwaka 1990, chenye namba 1 hadi 9: 1 ni macho kabisa, 5 ni katikati, 7 ni mwenye usingizi ambaye bado hahitaji kujikaza ili abaki macho, na 9 ni anayepigana na usingizi. Mgonjwa huandika namba moja saa 3 asubuhi, saa 6 mchana, saa 9 alasiri na saa 12 jioni, kwa siku tatu za kawaida. Namba hizi zikisomwa pamoja na shajara huonyesha saa zake za hatari.

Hatua ya 7: Pima wepesi wa kuitikia, kama una simu inayofaa

Kipimo hiki, kijulikanacho kwa herufi PVT, kilianzishwa na David Dinges na John Powell mwaka 1985. Mgonjwa hutazama kioo cha simu kwa dakika 10, na kila alama inapotokea, baada ya sekunde 2 hadi 10 zisizotabirika, hubonyeza haraka iwezekanavyo. Jibu lililochelewa zaidi ya nusu sekunde huhesabiwa kuwa mpotevu. Hesabu mipotevu, na hesabu pia mara alizobonyeza kabla ya alama, kwa sababu mtu anayebahatisha huficha usingizi wake.

Angalizo: Vioo vya simu hutofautiana kwa kasi ya kuitikia, kwa hiyo linganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, kwa simu ile ile, saa ile ile ya mchana. Fanya jaribio fupi la mazoezi kwanza. Asinywe kahawa asubuhi hiyo, na asiwe na mirungi mdomoni.

Hatua ya 8: Kagua dawa

Mimina ule mfuko mezani. Dawa za mafua na mzio za aina ya klofeniramini, amitriptilini, diazepamu na fenobarbitali zote huleta usingizi. Usizisimamishe kwa sababu ya kipimo, hasa za kifafa. Andika jina, kiasi na saa ya kumeza, kisha shauriana na daktari aliyeziandika.

Hatua ya 9: Andika na urudie

Kwenye kadi moja weka tarehe, saa, jumla ya Epworth ya mgonjwa, jumla ya mwenzi, wastani wa saa za kulala, mipotevu, na idadi ya kukatika kwa pumzi kwa saa kama imepimwa. Rudia baada ya mwezi mmoja na miezi mitatu ya matibabu.

Mabadiliko ya alama 2 au 3 kwenye Epworth ndiyo madogo zaidi yanayostahili kuitwa nafuu. Daima soma badiliko pamoja na saa za kuvaa mashine. Utafiti wa Terri Weaver na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba saa zinazohitajika hutegemea kitu unachokipima. Nafuu ya Epworth ilionekana kwa wanaofikisha karibu saa 4 kwa usiku, ilhali jaribio la maabara la kulala mchana lilihitaji karibu saa 6. Mgonjwa anayevua mashine saa 8 usiku hajaijaribu vya kutosha, hata akisema haimsaidii.

Kama kuna njia ya kumfikisha maabara

Majaribio mawili makubwa husaidia pale fomu zinapogongana. La kwanza, MSLT, humpa mgonjwa nafasi nne au tano za kulala mchana, zikipishana kwa saa mbili, huku mawimbi ya ubongo yakirekodiwa. Kila nafasi ni dakika 20, na kinachopimwa ni muda anaochukua kulala. Wastani wa dakika 8 au pungufu huashiria usingizi uliozidi. La pili, MWT, humtaka akae kwenye chumba chenye mwanga hafifu na kujitahidi kubaki macho kwa dakika 40, mara nne. Kwa mgonjwa wa apnea anayetibiwa ambaye kazi yake inahusu usalama wa wengine, hili la pili linafaa zaidi, kwa sababu linauliza swali ambalo barabara itamuuliza. Kama anatumia CPAP, aivae usiku wa kuamkia majaribio.

Mambo yakienda kombo

Alama za mgonjwa ni 4, za mwenzi wake ni 17. Usiwapatanishe mezani. Rudi kwenye neno kupitiwa, mmoja mmoja. Mtu aliyeishi na usingizi kwa miaka 10 hudhani kila mtu yuko hivyo. Hata hivyo, mwenzi aliyekosa usingizi kwa sababu ya mkoromo naye anaweza kutia chumvi bila kukusudia.

Dereva wa kazi ameandika sifuri nane. Usiitegemee fomu hiyo. Anayeogopa kupoteza leseni au ajira hujibu kwa hofu. Tumia kipimo cha kuitikia, simulizi ya mwenzi, na ukiweza, MWT.

Alama zimepanda kutoka 9 hadi 12 bila sababu. Epworth hucheza yenyewe kwa alama chache kati ya ziara na ziara. Angalia kama mara hii amesomewa badala ya kusoma, kama zamu imebadilika, au kama kuna dawa mpya. Usibadilishe matibabu kwa kipimo kimoja.

Mashine inavaliwa vizuri, usingizi uko pale pale. Soma kumbukumbu ya mashine yenyewe badala ya kutegemea maneno. Kisha angalia hewa inayovuja kwenye barakoa, saa za kulala, damu, tezi, sonona na dawa. Wapo wachache ambao usingizi hubaki hata baada ya yote hayo kuwekwa sawa, nao wanahitaji daktari bingwa. Uliza pia kama magoti au shingo humlegea ghafla anapocheka. Akisema ndiyo, peleka rufaa bila kusubiri, kwa kuwa huenda ana ugonjwa mwingine wa usingizi.

Amelala akiwa anajaza fomu. Mwache dakika moja, tazama saa na pumzi yake, kisha mwamshe taratibu. Andika ulichokiona pamoja na saa. Usimruhusu aondoke akiendesha. Mpigie ndugu aje kumchukua.

Mgonjwa ni mtoto. Weka fomu hii ya watu wazima kando. Mtoto mwenye usingizi mara nyingi hasinzii, bali huwa mtundu kupita kiasi, hukasirika upesi na kushuka darasani. Mwulize mzazi kuhusu kukoroma, tonsili na kukojoa kitandani, kisha mpeleke kwa daktari wa watoto.